Ona Ili Nasi Tuone: Kumwandaa Mwalimu kwa Simulizi za Sauti na Picha

(Maneno haya yalisemwa Kahororo, Manispaa ya Bukoba, mbele ya walimu wa madrasa, walimu tarajali, wazazi na viongozi wa misikiti ya Bukoba na Muleba. Tumeyapunguza kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na wote waliofuata njia yao kwa wema.



Amma baad. Tumeombwa tuzungumze juu ya malezi ya walimu wapya, wale wanaojiandaa kusimama mbele ya watoto katika madrasa zetu na katika shule za serikali. Tumeona tusianze na nadharia. Tuanze na kosa letu wenyewe, kwani mwenye kuficha jeraha hapati dawa.

KISA CHA MTOTO MMOJA

Miaka michache iliyopita tulikuwa na vijana sita waliokuwa wakijifunza ualimu kwetu. Tuliwahimiza wawajue watoto wanaowafundisha, na mmoja wao akaipokea nasaha hiyo kwa moyo mkunjufu. Akamwita binti wa miaka tisa, akamwomba asimulie habari za nyumbani kwao. Mtoto alisimulia vizuri sana. Alieleza jinsi bibi yake alivyovuka mpaka akiwa msichana, lugha wanayozungumza jikoni, na wimbo anaoimbiwa mdogo wake ili alale. Kijana wetu alirekodi yote kwa simu, uso na jina la mtoto vikiwa wazi. Akafurahi, na kwa furaha yake akayatuma katika kundi la wazazi la WhatsApp. Sisi tuliyaona usiku ule ule, tukayasifu. Hatukuuliza lolote.

Hazikupita siku tatu, watoto wenzake wakaanza kumwita mkimbizi. Baba yake akaja. Hakupaza sauti. Alituambia, "Maalim, mwaka ule wa 2013 tulilala na mabegi mlangoni. Leo mmewaonyesha watu mlango wetu."

Wasiokumbuka na wakumbushwe. Mwezi Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikiwalenga wahamiaji wasio na vibali. Maelfu ya watu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo walioishi nchini humu kwa miongo mingi. Hatukusimama hapa kuijadili operesheni hiyo. Tunachosema ni kwamba ziko nyumba katika mkoa wetu ambazo hofu hiyo haijatoka ndani yake, na mwalimu asiyejua hilo anaweza kuiamsha kwa kubonyeza simu mara moja.

Tulikwenda kuomba radhi, na baba yule alitusamehe, Allah amlipe kheri. Binti alirudi baada ya Ramadhani. Anahifadhi vizuri na anaandika vizuri, lakini tangu siku ile hakusimulia tena jambo lolote mbele ya wenzake. Hatukumfukuza darasani, ila tulimfunga mdomo. Na mtoto aliyefungwa mdomo na mwalimu wake, nani atamfungua?

Kwa hiyo, ndugu zetu, suala la leo si la mapambo. Simulizi ya mtoto ni amana. Mwalimu aliyefundishwa kuipokea hujenga, na asiyefundishwa hubomoa huku akidhani anajenga.

DARASA LETU SI LA MTU WA AINA MOJA

Baadhi yetu hudhani kwamba darasa lenye watu mbalimbali ni jambo la miji mikubwa ya Ulaya. Tutazame mkoa wetu. Bukoba na Muleba husemwa Kihaya, Karagwe na Kyerwa Kinyambo, Ngara Kihangaza na Kishubi, na kusini kuelekea Biharamulo yupo Mzinza na Msukuma. Katika visiwa vya Muleba, kama Goziba na Bumbire, mitumbwi ya wavuvi imewakusanya watu wa pande zote za ziwa. Mtoto anayetoka kisiwani kuja bara kusoma huenda akaketi jamvi moja na mtoto wa migombani ambaye hajawahi kupanda chombo.

Kisha mwalimu mwenyewe ni mgeni. Serikali humpangia mwalimu kituo popote nchini. Kijana aliyezaliwa Mtwara au Kilimanjaro huamka siku moja akiwa Muleba, na huko hukutana na mtoto wa darasa la kwanza ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, nacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto akinyamaza, mwalimu huandika kwamba ni mzito, kumbe mtoto anatafuta neno.

Tena wapo watoto wenye ulemavu. Hapa Bukoba tunayo Shule ya Msingi Mugeza Mseto, ambamo watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wasio na ulemavu. Madrasa zetu ngapi zinaweza kusema hivyo? Mtoto asiyeona huachwa nyumbani, ilhali hifdhi ni kazi ya sikio na ulimi kabla ya kuwa kazi ya jicho.

Qur'an, katika Surat Ar-Rum aya ya 22, imezihesabu tofauti za ndimi na rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Mwalimu anayemcheka mtoto kwa lafudhi yake na ajiulize anaicheka kazi ya nani.

MAANA YA KISA

Neno letu "kisa" limetoka katika Kiarabu, qissa, na asili ya tendo lake ni kufuata nyayo. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 11, mama yake Musa (a.s.) alipomtuma binti yake aifuatilie habari ya mtoto aliyetiwa mtoni, tendo lililotumika pale ni la shina hilo hilo. Dada yule alifuata kwa mbali, kwa tahadhari, wala watu hawakutambua. Ndugu walimu, hiyo ni sura nzuri ya mwenye kupokea kisa cha mtoto: humfuata nyayo zake ili amlinde, wala hamtangazi.

Wahaya nao wana adabu yao. Msimulizi anapofungua ngano, wasikilizaji humjibu kwa maneno yenye maana ya "ona ili nasi tuone". Mtafiti wa Marekani, Peter Seitel, alizikusanya ngano hizo katika mkoa huu, na kitabu alichokichapa mwaka 1980 alikipa jina la jibu hilo. Tazameni hekima iliyomo. Wasikilizaji hawasemi "sema ili tusikie". Wanamtaka msimulizi aone kwanza, maana asiyeona hawezi kumwonyesha mwenziwe.

Wengi mmesikia pia juu ya Habibu Selemani, bingwa wa tendi za enanga, aliyefariki mwaka 1993. Suala la ala tuliache mahali pake. La kuzingatia ni kwamba Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika habari zake mwaka 1997 na kumwita wa mwisho miongoni mwa mafundi wa fani ile. Wazee wangapi wa Kahororo wameondoka na elimu yao, nasi hatuna hata dakika mbili za sauti zao?

SIMULIZI ZA KIDIJITALI NI NINI?

Jina ni geni lakini jambo lenyewe ni jepesi. Mtu husimulia kisa kifupi cha kweli kutoka katika maisha yake, kwa sauti yake mwenyewe, kisha sauti hiyo huambatanishwa na picha chache na kuhifadhiwa katika simu au kompyuta. Utaratibu huu ulianza kufundishwa San Francisco, Marekani, mwaka 1994, na miongoni mwa waasisi wake ni Joe Lambert na Dana Atchley. Baadaye shirika la utangazaji la BBC liliupeleka Wales kuanzia mwaka 2001, ambako watu wa kawaida walitengeneza visa vya takriban dakika mbili kwa maneno yapatayo 250. Katika Chuo Kikuu cha Houston, Bernard Robin akaueneza miongoni mwa walimu.

Katika eneo letu njia zimeshafunguliwa. Mwaka 2005 ulianza mpango wa TESSA, uliovikutanisha vyuo vikuu vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza ili kutengeneza masomo ya kuwafunza walimu, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwamo. Masomo hayo yapo kwa Kiswahili pia na hutolewa bure. Mwaka 2014 ulizinduliwa African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulioanza kwa majaribio Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini. Huko walimu na wakutubi waliandika hadithi za watoto kwa lugha zao, wakazitia katika mtandao ili kila mtu aweze kuzisoma, kuzifasiri na kuzichapa bila malipo. Wenzetu wa Uganda ni majirani zetu kwa lugha na kwa mpaka. Walichokiweza wao hatukishindwi sisi.

KWA NINI AANZE MWALIMU?

Hapa ndipo tulipokosea, na hapa ndipo tunapotaka kusisitiza. Tulimtuma kijana akachukue kisa cha mtoto kabla yeye mwenyewe hajatoa chake. Mwalimu tarajali na aanze na nafsi yake. Na asimulie siku aliyoonewa darasani, au siku aliyosaidiwa, au neno la lugha ya mama lililomtoka akachapwa. Atakapoisikia sauti yake ikichezwa mbele ya wenzake, ataonja uzito wa kusikilizwa, na atajua ni jambo gani angependa lisitoke nje ya chumba kile. Aliyeonja hilo hatamharakisha mtoto.

Baada ya kosa letu tulianza upya na vijana wale wale, pamoja na wengine wawili. Kijana mmoja, hodari wa tajwidi na mkali wa fimbo, alisimulia jinsi alivyokuwa na kigugumizi utotoni, na jinsi maalim wake alivyokuwa akimngoja amalize aya bila kumkatiza. Alipoisikiliza sauti yake mwenyewe alilia. Hatukumwambia neno juu ya fimbo. Juma lililofuata tulimwona akimngoja mtoto amalize kusoma, mkono wake ukiwa mtupu.

UTARATIBU TUNAOUFUATA

Kwanza, duara. Walimu tarajali wasiozidi wanane huketi, kila mmoja akasimulia kwa mdomo. Mwenye kusikiliza hasahihishi wala hahukumu. Huuliza swali moja tu: ni wapi hasa kisa hiki kilikubadilisha?

Pili, kuandika. Kisa huandikwa kwa maneno kati ya 200 na 250. Ufupi huo humlazimisha mtu kuacha mawaidha na kueleza tukio. Vijana wetu wamezoea hutuba, na kila kisa hutaka kukiishia kwa nasaha. Tunawaambia: simulia, msikilizaji ana akili.

Tatu, sauti. Hurekodiwa mahali patulivu, simu ikiwa imekatwa mtandao ili isiingie simu ya mtu katikati. Madirisha hufungwa, na mvua ya Bukoba ikianza kupiga bati, kazi husimama.

Nne, picha. Hapa pana suala ambalo masheikh wetu wanalijua. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho zinazopigwa kwa kamera, wapo waliozuia na wapo walioruhusu. Sisi tumechagua njia isiyomtia mtu katika shaka: mkono unaoshika kalamu bila uso, mgomba, mtumbwi, mlango, ubao, ukurasa wa daftari, ramani aliyochora msimulizi mwenyewe. Tukagundua kwamba njia hii ina faida ya pili. Kisa kisicho na uso hakimtambulishi mtoto.

Tano, kuunganisha. Programu za bure zinatosha, na picha nane au kumi ni nyingi. Intaneti haihitajiki. Kwa ajili ya asiyesikia, maneno huandikwa chini ya picha. Kwa ajili ya asiyeona, sauti ieleze kila kitu, na jambo muhimu lisiachwe kwenye picha peke yake.

Sita, kutazama pamoja, kisha kutenda. Kila mwalimu tarajali huandika mambo matatu atakayoyabadilisha katika ufundishaji wake kwa sababu ya visa alivyovisikia. Alama hatuzitoi kwa uzuri wa picha. Tunakwenda darasani kwake baada ya mwezi mmoja, tunatazama kama mambo matatu yale yamebadilika.

IDHINI KABLA YA MLANGO

Mwalimu akishatengeneza chake, ndipo tunapomruhusu kuketi na watoto, na hapo yapo masharti. Surat An-Nur, aya ya 27, inatufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Kisa cha mtoto ni nyumba. Kina jiko lake, kina chumba cha ndani, na kina wazee wanaoishi humo.

Kwa hiyo mzazi huulizwa, tena huulizwa ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Huelezwa kisa kitasikilizwa na nani na kitakaa wapi. Mtoto naye huulizwa, na akikataa, kukataa kwake ni jibu kamili. Jina lake halitajwi, wala kijiji, wala asili ya ukoo. Rekodi hukaa katika kadi ya kumbukumbu ndani ya kabati la madrasa, si katika simu ya mtu binafsi, na haiingii katika kundi lolote. Mzazi akisema ifutwe, inafutwa mbele ya macho yake.

Hata sheria ya nchi imelielekea jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nayo imeweka masharti ya kukusanya na kusambaza habari za watu. Ila sisi tusingoje kukumbushwa na sheria jambo ambalo dini yetu ilitangulia kulifundisha.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mwalimu asimgeuze mtoto mmoja kuwa msemaji wa kabila lake, wala mtoto mwenye ulemavu kuwa chombo cha kuliza watu machozi ili sanduku la michango lijae. Kisa ni cha mwenyewe. Akitaka kusimulia juu ya mpira, na asimulie juu ya mpira.

YANAYOSEMWA KUPINGA

Wapo wanaosema kwamba simu imewaharibu vijana, vipi sisi tuilete madrasa? Hofu yao ina msingi, wala hatuibezi. Lakini katika utaratibu huu mtoto haleti simu. Kifaa ni kimoja, cha madrasa, na kinashikwa na mwalimu kwa saa maalumu.

Wapo wanaosema muda ni mchache na juzuu ni nyingi. Nasi twawajibu kwamba hatuchukui saa ya hifdhi. Kazi hii ni ya kumwandaa mwalimu, na mwalimu anayemjua mwanafunzi wake hapotezi muda kumwadhibu kwa kosa ambalo si kosa.

Na wapo wanaosema mwalimu mzuri hahitaji mashine ili asikilize. Hilo ni kweli kabisa. Mkikosa kifaa, fanyeni duara na daftari tu, nusu ya faida mtaipata. Hata hivyo, rekodi ina jambo moja ambalo mdomo hauna: humfanya msimulizi ajisikilize mwenyewe, na kwa mwalimu tunayemwandaa leo, humwezesha mwenziwe wa kesho kujifunza kutoka kwake.

TUNACHOWAOMBA

Kwa maimamu wetu, tunaomba mtupe chumba kimoja mara moja kwa mwezi, baada ya swala ya Alasiri. Kwa kamati za misikiti, tunaomba kifaa kimoja cha kurekodi, spika ndogo na kabati lenye kufuli, vitu ambavyo havizidi gharama ya walima mdogo. Kwa wazazi, tunaomba mje mketi nasi, na mkiona mwalimu anamrekodi mtoto wenu bila kuwauliza, mtuletee habari hata kama mwalimu huyo ni sisi. Na kwa vijana walimu, tunaomba mwanze na bibi zenu na babu zenu wangali hai. Waombeni ruhusa, wasikilizeni, wahifadhini.

Ama binti yule, amekuwa mkubwa sasa. Hivi karibuni alitujia baada ya darasa, akauliza kama kadi ile ya zamani bado ipo. Tukamwambia ilifutwa siku ile ile baba yake alipokuja. Akanyamaza, kisha akasema, "Ule wimbo wa mdogo wangu, bibi ameshafariki. Sasa naukumbuka mimi tu." Hatukumwambia asimulie. Tulimwambia kwamba siku atakapotaka, chumba kipo, kabati lina kufuli, na ufunguo atashika yeye. Bado hajaja, nasi tunamngoja.

Tunamwomba Allah atusamehe tuliyoyakosea katika amana za watoto, na atujaalie kuwa katika wenye kuona kabla ya kuonyesha. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.